Programu ya Misiba, Kamuli

Jumatatu, 2 Machi 2026. Ukungu, kisha manyunyu.

Jumapili kikundi chetu cha kuzikana kinachagua katibu. Eustadia ameng'ang'ania kiti hicho kwa sifa moja: sauti. Akitangaza msiba Kamuli, hata ng'ombe wa kule Kaisho wanageuza shingo. Mimi nina kidato cha nne na kompyuta! Nimeandika programu: kama hali ya mwanakikundi ni "amefariki", wenzake wapate ujumbe, walete ndizi na kuni. Nimeipitia mara mbili. Haina kasoro.

Jumanne. Jua.

Nimeiwasha. Kikundi kizima kimefariki.

Moto wa matanga unawaka kila ua. Hakuna aliyeshika jembe, maana hatulimi wakati maiti haijazikwa. Na hii ndiyo wiki ya kupanda maharage! Mzee Polikarpi amewakuta waombolezaji wake langoni. Akasema maadamu wamefika, ndizi waziache. Eustadia akaja kuniaga mimi, akanikuta nakunywa chai. "Deodatha mwanangu," akasema, "hata kufa umeshindwa?"

Jumatano. Mawingu.

Kosa limeonekana. Kwenye sharti niliweka alama moja ya sawasawa badala ya mbili. Mbili zinauliza: je, huyu amefariki? Moja haiulizi. Inaamuru: huyu na afariki! Nimeongeza ya pili. Kuwafuta watu machozi, nimeongeza na haya: kama ni mgonjwa, apelekewe uji, vinginevyo, apewe hongera ya mtoto. Kujaribu ni kupoteza muda. Nimetuma.

Alhamisi. Mvua.

Kumbe mzima wa afya naye ni "vinginevyo". Kamuli nzima imejifungua. Mzee Polikarpi pia, na mkewe Laurensia alikuwa Kihanga kwa dada yake tangu Krismasi. Amerudi kwa bodaboda, kalowa, anauliza mama wa mtoto ni nani. Leo Mzee halali ndani.

Jumapili, 8 Machi. Anga safi, la kejeli.

Wamepiga kura kwa kunyoosha mikono. Eustadia: wote. Mimi: mkono wangu. Mwenyekiti, Mzee Adelard, amenisihi nisiguse tena namba ya simu ya mtu.

Nimetafakari kwa kina. Kosa liko kwenye mikono. Mikono haihesabiki vizuri. Nimeandika programu ya kuhesabu kura: kama kura ni ya Deodatha, ihesabiwe. Sharti moja tu, alama moja ya sawasawa, nyepesi kusoma. Nimeijaribu safari hii, mimi si mjinga. Nimeshinda kwa kura zote! Kesho asubuhi naipeleka kwa Mzee Adelard.

Nalala saa nne kasorobo, kwa amani.