Boma la Kuku Saba

Jumatatu, 12 Novemba 1951

Kuku wangu wameingia tena kwenye ulezi wa Mzee Anyosisye. Wote saba! Wamefukua mbegu kona nzima.

Mzee kaja na jembe mkononi. Mimi nikawa ndani, kimya. Akaongea na mlango. Kasema anajua nimo, miguu yangu inaonekana kwa chini. Kasema tarehe 24 shangazi yangu Ketrina aje kama tulivyopatana, alete kuku saba wazima, ndipo yaanze mazungumzo ya binti yake Ruti. Ila kabla ya siku hiyo akimwona kuku hata mmoja shambani kwake, mshenga asijichoshe. Hatoi binti kwa mtu anayeshindwa na kuku.

Ruti namtazama mwaka wa pili huu. Sijamwambia neno.

Jumanne, 13 Novemba

Nimejenga boma. Miti na miiba, duara, kama la ng'ombe la marehemu baba. Lile halikupoteza hata ndama. Mikono yote damu.

Jioni nikawaingiza, nikafunga, nikahesabu. Saba. Nikakaa juu ya kinu nikajisifu. Basi kishingo, yule jike asiye na manyoya shingoni, akanitazama vizuri, akaruka nje. Wengine wakafuata mmojammoja, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani.

Ng'ombe hawaruki! Sikulifikiria hilo.

Ruti alikuwa anapita na mtungi. Akasimama kuangalia. Nikajificha nyuma ya boma. Boma lina matundu.

Jumatano, 14 Novemba

Leo nimewakata mabawa. Sita. Kishingo kanishinda mbio, kapanda mkuyu ulio nyuma ya jiko na huko amelala.

Jirani Amoni karudi kutoka migodi ya Rodesia. Ana baiskeli, kofia, na bunda zima la seng'enge. Keshajenga boma la kuku kwa nusu siku. Nimelichungulia kwenye matete. Nyayo kumi kwa sita. Zuri. Roho imeniuma.

Kumbe kaniona. Kaja kwangu akicheka, kasema waya umebaki, nichukue bure, nisije nikachungulia mpaka macho yakaota matete. Nikamjibu waya unatia kuku kutu. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kacheka mpaka kofia ikadondoka.

Namjua huyu. Leo anipe waya, kesho amwambie Ruti boma ni lake.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimepata dawa, maana hata waliokatwa mabawa wanakwea miiba! Wachuuzi wa chumvi wa Ivuna wamepita na punda wao. Mmoja alikuwa na wavu mkuukuu wa kuvulia samaki ziwa Rukwa. Nimempa blanketi la baba, kanipa wavu. Umefunika boma lote, juu mpaka chini.

Shangazi kaja kuona. Kauliza kama nategemea kuku wataogelea. Kisha kanusa. Kasema wavu una vipande vya samaki kila tundu, mtoto wa kaka yangu, upeleke mtoni ukaufue. Nikakataa. Kuku watadonoa wenyewe. Chakula cha bure! Yeye haelewi mambo ya ufugaji.

Baridi imeanza kunipata. Blanketi lilikuwa moja.

Jumapili, 18 Novemba

Ruti kaongea na mimi! Baada ya ibada, pale kwenye mawe ya nje ya kanisa. Kasema mvua zinakuja, nisiwafunge kuku mahali wasipoweza kutoka. Kwao kuku hulala mtini na hawajafa hata mmoja. Akangoja nijibu.

Nikasema "ee".

Akangoja tena. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akaenda.

Nimelifikiria njia nzima. Ni Amoni kamtuma, anataka kunilegeza. Nimefika nyumbani nikaongeza kamba za magome mlangoni mwa boma. Mafundo matatu.

Jumanne, 20 Novemba

Mvua ya kwanza, kubwa. Siku ya nne hii hakuna kuku aliyegusa ulezi. Hata kishingo anashinda juu mkuyuni. Mzee Anyosisye kapita, kasimama, katazama wavu, kakohoa. Kikohozi kizuri. Cha mkwe kabisa.

Zimebaki siku nne tu.

Jumatano, 21 Novemba

Siafu.

Wamepanda na mvua, wakafuata samaki. Asubuhi nimekuta wavu mweusi, unatembea. Ndani manyoya na miguu. Sita wote. Walikuwa wamebanana pale mlangoni.

Mafundo yangu hayakulegea hata moja. Nimeyakata kwa panga, ingawa hapakuwa na wa kumtoa.

Shangazi kaja. Hakusema habari ya kufua wavu. Bora angesema.

Kishingo juu ya mkuyu anajikung'uta maji.

Jumamosi, 24 Novemba

Shangazi kaenda na kishingo peke yake ndani ya tenga. Mimi nikajibanza nyuma ya migomba ya Mzee, nisikilize.

Mzee kauliza wengine sita wako wapi. Shangazi kajibu wamefariki. Mzee kampa pole kama ya msiba wa mtu. Kasema huyu mmoja arudi akaatamie. Wakifika saba, tuje tena.

Ndipo Ruti akasema kutoka jikoni kwamba yeye yuko tayari kungoja. Hata mwaka. Ila aombwe na mwenye kuku mwenyewe, kwa mdomo wake, leo.

Shangazi akaita, Mbonile! Akaita tena. Kasema jitokeze mwanangu, tunayaona magoti yako.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno kabisa. Halikutoka. Nikasikia mlango wa jiko unafungwa, polepole.

Jumapili, 25 Novemba

Sikwenda ibadani. Nimekaa kwenye kinu nikafikiri sana, na sasa nimejua kosa langu.

Kosa ni mlango. Siafu waliingilia mlangoni.

Nimeshachimba msingi wa boma la kishingo. Ukuta wa udongo, paa juu. Yeye yuko mkuyuni ananitazama. Atashuka tu.

Safari hii siweki mlango kabisa.