Mimi, Mke Wangu na Mzizi wa Jinsengi

Jumatatu, 9 Machi

Nimefukuzwa kitandani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na leo asubuhi, mbele ya chai na mkate, napewa talaka ya godoro! Mke wangu amesema mwili wake unawaka moto, unalowa jasho, unapoa, kisha unawaka tena, na mimi nikilala pembeni yake namwongezea joto. Nihamie kwenye kochi la sebuleni mpaka hali itulie. Nikauliza itatulia lini. Shemeji akadakia. Huyu ni mdogo wa mke wangu, ni muuguzi, na hunywa chai kwetu kana kwamba kwake hakuna sufuria. Akasema dada yake anaelekea kukoma hedhi, si ugonjwa, ni umri. Wengine huchukua miezi, wengine miaka.

Miaka! Na kochi lenyewe nimelitengeneza mimi. Ni lile ambalo wateja watatu walilikalia, wakanyanyuka, wakaaga. Mimi ni fundi makochi, naijua kila springi iliyomo humo, na sasa springi nazo zinanijua mimi.

Nimeazimia. Kabla ya Jumapili mke wangu atakuwa amepona na mimi nitakuwa nimerudi kwenye upande wangu wa kitanda.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kwa muuza mitishamba, yule wanayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Nikamweleza shida, nikasema ni ya mke wa rafiki yangu. Akasema rafiki yangu ana bahati, dawa ipo, inaitwa jinsengi. Akatoa mzizi mweupe wenye miguu miwili na mkono mmoja. Boksi lake lina picha ya mama anaruka juu, nywele zinapepea, jasho hana hata tone. Nikasema moyoni, ndiye huyu! Nikauliza kama kweli ni dawa ya wanawake. Akasema ya wanawake, ya wanaume, ya wanafunzi wakati wa mitihani, na mjomba wake aliwahi kumpa punda. Nikauliza inachukua siku ngapi. Akasema inategemea imani. Nikachagua mzizi mkubwa kuliko yote, maana imani ninayo.

Nyumbani nikauweka mezani kwa heshima zote. Kosa kubwa. Shemeji alikuwepo. Leo tena! Akaugeuzageuza kwa vidole viwili kama ameokota soksi. Akasema jinsengi inasifiwa sana, na wapo wanawake wanaosema inawachangamsha au inawasaidia kulala, lakini kwa haya majoto ushahidi wake ni haba, na mtu anayemeza vidonge vya presha kama dada yake hachezi na mizizi kabla ya kumuuliza daktari. Nikamwambia ana wivu. Akanijibu kuwa ana cheti. Mke wangu akafunga mjadala: hautaki, hataunywa, na asiuone tena mezani kwake.

Nimeyatafakari maneno yake kwa makini. Amesema hataunywa. Hakusema hataunywa bila kujua.

Jumatano, 11 Machi

Kazi imefanyika! Nimeuchemshia mzizi karakana, kwenye sufuria ya gundi, ambayo niliisugua mara mbili. Robo tu, kwa sababu presha ya mke wangu naiheshimu. Asali nikamimina bila huruma, maana uchungu wa kitu hiki unafika mpaka masikioni. Saa kumi jioni nikauchanganya kwenye chupa ya chai, nikakaa na gazeti, nikasubiri.

Mke wangu akaja, akaipita chupa, akajimiminia maji baridi. Kumbe tangu Jumapili ameacha vinywaji vya moto kwa ushauri wa nani? Wa Shemeji! Na mimi nimeambiwa na nani? Hakuna.

Akaingia mama mkwe. Alikuja kung'olewa jino na alipangiwa kuondoka keshokutwa. Akamimina kikombe. Nifanye nini? Mtu hawezi kumnyang'anya mkwewe kikombe mkononi. Akanywa vitatu. Akasema tangu aniozeshe binti yake hajawahi kupata chai iliyoshiba namna hii katika nyumba yangu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamshwa na ufagio chini ya kochi. Mama mkwe! Alikuwa ameshafagia uwanja, amefua mapazia na amelipanga upya kabati la vyombo hivi kwamba hakuna anayejua vijiko viko wapi. Jino halimsumbui tena. Amesema anajisikia msichana na haoni sababu ya kuondoka kesho. Atakaa mwezi. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama ile chai ipo.

Ukweli ni kwamba niliihofia presha yake. Shemeji alipofika akasema mama anaonekana kachangamka mno, akatoa mashine akampima presha papo hapo. Ilikuwa sawa. Nikashusha pumzi, wakaniangalia.

Basi chupa ya chai imeshindikana. Lakini mimi ni fundi, na fundi akikosa mlango hutoboa ukuta. Nikajiuliza: mke wangu analaza kichwa wapi kwa saa nane? Kwenye mto! Dawa isiyoingia kwa mdomo itaingia kwa pua. Wameenda sokoni wote watatu. Nikafumua mto wake, nikapanga vipande vya mzizi katikati ya sponji, vile vilivyobaki na asali yake, nikaushona tena kwa mshono wa kuficha, ule nilioufundishwa na marehemu baba. Nimeutazama mto pande zote. Hata mimi sikuona nilipopita.

Hii sasa haina kunywa. Neno lake nimelitii.

Ijumaa, 13 Machi

Sisimizi.

Mke wangu ametoka chumbani alfajiri akijipigapiga shingo. Msafara ulikuwa umeanzia dirishani, ukapanda mguu wa kitanda na kuingia ndani ya mto kama kuna harusi. Godoro likatolewa nje, mashuka nje, mito nje, jirani naye akatoka nje kuangalia. Nilisema hali ya hewa imebadilika, sisimizi wamezidi kila mahali. Mama mkwe akakubaliana nami. Ningepona!

Lakini Shemeji akauinua ule mto, akaubonyeza, akasema una vitu vigumu ndani, halafu umeshonwa vibaya na mtu asiyejua kushona.

Nitasemaje? Nilipandwa na hasira. Nikasema mshono ule hauna kasoro, ni mshono wa kuficha, nyuzi mbili, na katika mji huu mzima mnaoujua hamtapata mikono mitatu inayouweza. Nikaonyesha ulipoanzia na ulipoishia. Nilikuwa katikati ya maelezo ndipo nilipoona wote wananitazama mimi, si mto.

Shemeji akafumua. Vipande vikaanguka miguuni pangu. Mama mkwe akaokota kimoja, akanusa, akasema mbona kinanukia kama ile chai.

Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, uso unatiririka jasho, au machozi, sikuweza kutofautisha. Akasema kwa miezi mitano mwili wake unafanya unavyotaka bila kumuuliza, anaamka hajijui, kazini anatoka kwenye kikao akajifute uso chooni, na mtu mmoja ambaye yeye alidhani bado anamuuliza kabla ya kufanya jambo alikuwa mimi. Sasa na mimi pia.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, inayowasha mpaka masikio.

Jumamosi, 14 Machi

Hakuna anayenisemesha isipokuwa mama mkwe, ambaye anauliza kama mzizi umebaki.

Jioni mke wangu amekuja karakana. Hajafika huku mwaka mzima. Akasimama kando ya kochi lisilo na mgongo, akasema Jumatatu anakwenda kumwona daktari, na kama kweli nataka kumsaidia niende naye, nikae pembeni yake, ninyamaze. Akairudia ile ya kunyamaza. Nikaapa.

Jumatatu, 16 Machi

Nimenyamaza! Iandikwe. Dakika arobaini ndani ya chumba cha daktari, na kiti kilichonipa mateso, maana kilikuwa kimefungwa kitambaa ndani nje, nami sikusema kitu. Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliuliza mambo ambayo mimi sijawahi kuyauliza: anaamka mara ngapi, moyo unaenda mbio lini, anaogopa nini. Mke wangu alijibu, na majibu mengi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Kuna mahali alisema anaogopa kwamba nimemchoka. Nilitaka kuruka juu ya meza. Nikashika kiti.

Daktari akauliza kama anatumia mitishamba yoyote. Mke wangu akanitazama. Akasema hakuna iliyofanikiwa kumfikia. Daktari akasema vizuri, na siku akitaka kujaribu jinsengi au kingine chochote waongee kwanza, kwa sababu ya vidonge. Akampa dawa ya kuanzia, tarehe ya kurudi, na ushauri wa kulalia mashuka ya pamba.

Njiani mke wangu alinishika mkono, mchana kweupe, barabarani. Nikamwambia sijamchoka, sitamchoka, hata akiwaka kama tanuri. Akacheka. Akasema nirudi kitandani, kwa sharti moja: nisimfanyie jambo lolote bila kumuuliza. Nikakubali kabla hajamaliza. Nilikuwa karibu kulia, na nitasema hivyo hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumanne, 17 Machi

Nimelala kitandani kwangu! Upande wangu, ukutani. Nimeamka mgongo umenyooka. Yeye bado aliwaka mara mbili, akalisukuma shuka, akasema godoro linatunza joto. Akalala tena. Mimi sikulala tena. Mtu mwenye akili hawezi kusikia maneno kama hayo akalala.

Godoro linatunza joto! Daktari hakuliona hilo. Shemeji na cheti chake hakuliona. Inahitaji fundi.

Sharti lake nimelipima neno kwa neno. Nisimfanyie yeye jambo lolote bila kumuuliza. Godoro si yeye. Sasa ni saa tano, wameenda kununua mashuka ya pamba, na godoro liko mezani karakana. Nimetoboa matundu themanini na nne ya kupitishia hewa, na katikati nimelipasua kutoka kichwani hadi miguuni ili lipite bomba la feni. Nusu moja imekuwa nyembamba kidogo kuliko nyingine, lakini hiyo itakuwa upande wangu.

Nawasikia wanarudi. Mama mkwe ndiye anayetangulia, anauliza godoro limekwenda wapi. Mke wangu atafurahi sana.