Goti la Ngazi na Mguu wa Nne wa Kitanda

Kwa Daktari wa Timu,
Uwanja wa Mpira wa Kikapu,
Mlango wa Nyuma.

Jumatano, saa ya mapumziko ya mchana

Ndugu Daktari,

YAH: GOTI LA KULIA LA MCHEZAJI NAMBA KUMI NA NNE NA MADHARA YAKE NYUMBANI KWANGU

Pokea salamu zangu, pamoja na pole ya kazi katika kipindi hiki kigumu cha fainali. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi yangu ni kupokea barua za malalamiko, kuzigonga mhuri na kuzifungulia jalada, kwa hiyo najua kinachoipata barua ndefu: husomwa ukurasa wa kwanza tu. Hii nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa kuwa shida yenyewe nimeiweka huko.

Nina mume. Ni fundi seremala wa miaka hamsini na minane, mwenye miguu miwili mizima. Hajawahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja, labda uhesabu kutupia vipande vya mbao kwenye pipa la taka, na hata huko hukosa. Lakini timu yako ni yake, na huyu mchezaji mnayemwita Ngazi humzungumzia kana kwamba alimfundisha mwenyewe kutembea. Ngazi alipofunga pointi thelathini na moja katika mchezo wa kwanza wa fainali, mume wangu alipokea pongezi za majirani siku mbili nzima. Sikulalamika.

Mchezo wa pili ukaja, siku ya Alhamisi. Robo ya tatu Ngazi akaruka, akatua juu ya kiatu cha mtu, goti likapinda, timu ikafungwa. Ijumaa asubuhi ukatoa taarifa yako ya kwanza ya afya, na taarifa hiyo ndiyo iliyoniletea mgonjwa nyumbani. Nyumba yenyewe ina binti yetu, aliyekuja kwetu kusubiri kujifungua, na siku zake zimekaribia. Baba yake alimwahidi kumtengenezea mtoto kitanda. Mpaka leo kitanda hicho kina miguu mitatu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kuchechemea. Uliandika kwamba mchezaji apumzishe mguu na asibebe uzito. Mume wangu aliisoma taarifa hiyo kwenye simu wakati wa chai, akaisoma tena kwa sauti, halafu akainuka kwenda kunawa mikono huku akichechemea. Mguu wa kulia. Nikamuuliza ameumia lini. Akasema hajaumia, ila hataki kujiingiza kwenye hatari. Tangu hapo hajashika randa. Akikaa, mguu huuegemeza juu ya ubao, na ubao wenyewe ni ubavu wa kitanda cha mtoto.

2. Kuhusu barafu. Uliagiza goti liwekewe barafu dakika ishirini, mara tatu kwa siku. Sina ugomvi na elimu yako. Lakini friji yetu ni ndogo na hutoa barafu mara moja kwa siku, na yote inaishia kwenye goti ambalo halina kitu. Binti mjamzito anakunywa maji ya vuguvugu katika joto hili. Taulo langu la kuogea ndilo bandeji.

3. Kuhusu lugha. Naomba nikupe hongera ya dhati hapa, kwa sababu katika miaka yote ya masjala sijaona maneno yaliyopangwa vizuri namna hii ili yasiseme lolote. Nilipomuuliza mume wangu kitanda kitakwisha lini, alinijibu kwamba hali inafuatiliwa siku hadi siku. Nilipomwomba amsindikize binti kliniki, akasema uamuzi utatolewa saa moja kabla ya kuondoka. Saa hiyo ilipofika akajaribu kupanda ngazi mbili za mlangoni, akatikisa kichwa kwa huzuni na kurudi kukaa. Niliwasindikiza mimi mwenyewe, binti na tumbo lake, na jioni nikaambiwa kwamba mgonjwa anaendelea kupata nafuu.

4. Kuhusu mchezo wa tatu. Hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Jumapili Ngazi hakucheza. Alikaa kwenye benchi na suti ya michezo, taulo begani, akiwapigia wenzake makofi. Timu ilifungwa tena, lakini watangazaji wakamsifu mno kwa kuwapa wenzake moyo, na sifa hizo zikasikika nyumbani kwangu. Jumatatu nilikuwa nasogeza kabati la nguo peke yangu ili kupata nafasi ya kitanda cha mtoto. Mume wangu alikuja na kiti chake, akakiweka mlangoni, akatupia taulo begani na kuanza kupiga makofi. "Vizuri," akaniambia. "Ulinzi mzuri." Kabati lilipokwama kwenye zulia akaomba mapumziko mafupi, akanishauri nitumie zaidi upande wa kushoto. Daktari, mimi ni mtu mstaarabu, lakini taulo lile nililitazama kwa macho mabaya.

5. Kuhusu tarehe. Hapa nalazimika kusema jambo lisilonisaidia, maana karani anayeficha tarehe hana kazi. Ngazi aliumia Alhamisi. Mume wangu aliacha kutengeneza kitanda Jumanne. Kwa siku mbili nzima mguu wa nne ulilala juu ya meza ya karakana, umekatwa tayari, unasubiri kupigwa randa na kufungwa, na hapakuwa na goti la mtu yeyote la kulaumu. Goti lilipotokea alilipokea kwa mikono miwili.

Sababu naijua. Mwaka juzi alitengeneza kitanda kama hiki hiki, akakimaliza mapema, akakipaka rangi na kutuita sote tukitazame. Binti yetu akarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Hatukulizungumza sana. Mume wangu alikifungua kile kitanda ubao kwa ubao, akazipanga mbao nyuma ya karakana na kuzifunika turubai, na asiguse mtu. Mbao hizo ndizo alizozifunua mwezi uliopita, bila kutuambia. Mguu wa kwanza aliufunga kwa siku moja, wa pili kwa siku tatu, wa tatu kwa wiki nzima. Wa nne umemshinda kwa sababu baada ya huo kitanda kinakuwa kimekwisha, na yeye anakumbuka kilichofuata safari ile. Anaogopa, Daktari. Mimi pia naogopa, ila mimi nina ofisi ya kwenda.

Na binti anaona. Kitanda kimeegemezwa kwenye ukuta wa karakana kwa miguu mitatu, naye hupita hapo kila siku. Juzi nilimkuta ameweka kiganja chake mahali mguu wa nne unapotakiwa kuwa. Naogopa asije akadhani baba yake hamtarajii huyu mtoto, na hilo sitaweza kulieleza nikaeleweka, hata nikilifungulia jalada.

Sasa ombi langu. Nimemsihi mume wangu nikashindwa. Ndugu zake wamekuja kumsema, nao wakaishia kumuuliza hali ya goti. Wewe ndiye daktari pekee anayemtii. Kwa heshima zote naomba taarifa yako ijayo iseme kwamba wataalamu wamegundua goti la kulia hupona upesi mgonjwa akipiga msasa. Ongeza kwamba kuosha vyombo akiwa amesimama wima huimarisha misuli ya paja, na kwamba kabati likikwama mgonjwa hana budi kusukuma. Mwisho, kwa herufi kubwa, aagizwe kumaliza kazi yoyote aliyoianza kabla ya kuumia. Kama Ngazi mwenyewe atashangaa kuambiwa apige msasa, mpe kipande kidogo. Kwa kijana mwenye mikono mirefu vile haitakuwa kazi.

Nikiona taarifa haijabadilika kufikia Jumamosi, nitalazimika kuja na mume wangu hapo uwanjani, mlango wa nyuma, nikukabidhi yeye pamoja na taulo lake na barafu yake, ili umweke kwenye benchi pamoja na mgonjwa wako wa kwanza. Anakula kidogo na anajua kupiga makofi.

Nisalimie kocha, wachezaji wote, mwosha jezi na yule mzee anayefagia uwanja wakati wa mapumziko, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye magoti bora kuliko wote hapo.

Wako katika kufuatilia hali siku hadi siku,

Karani wa Masjala, mke wa Fundi

Nakala:
Kocha, kwa taarifa.
Mchezaji Namba Kumi na Nne, kwa huruma.
Mume wangu, aisome akiwa amesimama.

Nyongeza, Jumapili asubuhi.

Barua hii haikutumwa. Imekaa kwenye mkoba wangu tangu Jumatano, na mimi niliyezoea kuwasema watu kwa kuchelewesha barua sina la kujitetea.

Jana asubuhi ulitoa taarifa fupi kuliko zote. Iliandikwa kwamba maumivu bado yapo, lakini atacheza. Basi. Mume wangu aliisoma, na safari hii hakuisoma kwa sauti. Mimi niliiona baadaye kwenye simu aliyoiacha mezani kando ya chai yake. Alitoka kwenda karakana akichechemea vile vile, na baada ya muda nikasikia randa. Mchana akaja na kitanda, akakisimamisha chumbani kwa binti na kukitikisa kutoka kila upande. Hakikuyumba. Binti alimtazama baba yake, naye baba akawa anatazama kitanda.

"Naogopa bado, mwanangu," akamwambia. "Lakini kitanda cha mtoto ni hiki."

Binti alilia, nami nikaenda jikoni kufanya kazi ambayo haikuwepo. Alasiri tulikaa wote watatu kutazama mchezo wa nne. Ngazi alicheza dakika kumi na moja tu, akafunga pointi tisa, na zile mbili za mwisho alizifunga akiwa amesimama kama kwa mguu mmoja. Sasa tuko mbili kwa mbili. Binti naye hali yake inafuatiliwa siku hadi siku, na maneno hayo leo hayanikeri.

Kwa hiyo naondoa malalamiko namba moja, tatu, nne na tano. Namba mbili, la barafu, nilikusudia kulishikilia mpaka mwisho. Lakini Ngazi alipofunga kile kikapu niliruka kutoka kwenye kiti, nikatua juu ya kandambili ya mume wangu, na kifundo changu cha mguu wa kushoto kikateguka. Barafu yote ya nyumba iko mguuni kwangu. Kwa hiyo, Daktari, usibadilishe chochote katika uandishi wako. Ila katika taarifa ya kabla ya mchezo wa tano ningeshukuru ukitaja kifundo cha mguu wa kushoto, cha mtu yeyote yule kwenye timu, na uagize apumzike, asibebe uzito wala asisogee jikoni. Mume wangu huzisoma zote.

Hivi sasa anaosha vyombo. Mimi nimekaa mlangoni na taulo begani, na nimekwisha kumwambia kwamba ulinzi wake ni mzuri, ila atumie zaidi upande wa kushoto.