Pumba za Ngano na Kigoda cha Blandina

Jumatatu, 8 Agosti 1983
Madukani Karatu hakuna ndoo, hakuna kiti, hakuna sabuni. Akili ninayo! Blandina wa kilabu cha pombe anataka vigoda ishirini. Jumamosi Sylvesta wa buchani, mzito kuliko wote, atakalia changu na cha Hhando seremala. Kitakachomhimili ndicho kitakachopewa oda. Hhando ananiita fundi uji. Tutaona. Nimeyeyusha ndoo ya plastiki ya mke wangu Marsela. Ilikuwa na ufa. Mdogo.

Jumatano, 10 Agosti
Plastiki sehemu saba, pumba za ngano tatu. Pumba nimeziloweka usiku kucha, kama nyasi za udongo wa kukandikia. Nyumba ya baba ilikandikwa hivyo, ina miaka arobaini! Mchanganyiko ukatoa povu. Nikakalia kigoda, nikajikuta chini. Ndani mashimo matupu, kama andazi. Marsela akauliza tangu lini mtu akatia maji kwenye mafuta ya moto. Mke wangu mpishi hodari, ila ufundi haujui. Kosa ni dogo: maji hayakutosha.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimekiyeyusha kigoda upya, pumba nimeloweka zaidi. Sufuria ikanitemea, nusu ya sharubu imekwenda. Hhando alipita kuomba moto wa sigara, akauliza kigoda kile ni cha kukalia au cha kunywa kwa kata. Mshenzi! Nikayeyusha ndoo ya pili, ya mwisho. Sasa pumba nyingine nitaziloweka kwenye nini? Hakuna cha kuchotea maji! Zimebaki zile Marsela alizoanika juu ya jiko, za kuwashia moto. Kavu kama ugoro. Basi, nimezitia hivyohivyo. Sita kwa nne.

Jumamosi, 13 Agosti
Ushindi! Cha Hhando kilipasuka mguu. Sylvesta akahamia changu, kigoda kimya. Akarukaruka, kimya! Blandina akapiga vigelegele, oda yangu yote. Njiani Marsela akasema, mbele ya Hhando na kwa sauti, kwamba siri ni pumba kavu. Nikamsahihisha: siri ni sita kwa nne. Hesabu, mama!

Jumapili, 14 Agosti
Hhando kaniazima ndoo yake mwenyewe, anatabasamu. Akauliza kama moja itatosha. Muungwana akishindwa hujulikana. Nimeloweka gunia zima. Safari hii siku nne.
Marsela kafunga kanga zake, kaenda kwao Buger. Bila shaka kuwapa habari njema.