Sanduku la Dawa na Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Pancras yuko Ngara! Mwanangu. Dereva wa lori la chumvi kaleta salamu asubuhi: kikosi chao kimetoka Uganda, kimepiga kambi Ngara, na Pancras anasema hajambo. Hajambo vipi? Hapo dereva akaanza kutafuna maneno. Hakumwona kwa macho yake, aliambiwa na mwenzake, na mwenzake naye aliambiwa.

Jirani wa kulia kasikia kwamba Pancras kakatwa mguu. Jirani wa kushoto kasikia miguu ipo, ila masikio yameharibiwa na mizinga. Kanisani wanasema kapewa cheo. Mtu hawezi kuwa yote hayo kwa pamoja. Tangu Novemba sijamtia machoni. Nataka niende, nimhesabu viungo mwenyewe, nirudi.

Kwenda kwa chombo gani? Basi halina dizeli. Lori la chumvi limeelekea Biharamulo mjini na halirudi huku. Kwa miguu, nitafika wakati Pancras amestaafu.

Lakini kijiji chetu cha Runazi kina pikipiki! Anaiendesha Katibu wa kijiji, ndugu Saidi, kijana wa mjini, wazee wake walitoka pwani na biashara zao, na Kiswahili chake kinateleza mpaka unasahau amekunyima nini. Ijumaa anakwenda Ngara kufuata mbegu za maharage. Kiti cha nyuma kitupu. Nikaenda kuomba. Akanipa shikamoo nzuri sana, halafu akasema, "Mzee wangu, kiti kile ni cha kazi, si cha matembezi." Niliondoka nikiwa nimeshukuru, sijui nimeshukuru nini.

Jumanne, 7 Agosti

Mungu ni mwenyeji wa Runazi. Leo mkutano wa kijiji. Mwezi uliopita Katibu alianguka na ile pikipiki kwenye mteremko, akakaa kando ya barabara akivuja damu mpaka mchunga ng'ombe akaja kumpaka tope. Mwenyekiti kasema basi. Pikipiki haitoki tena bila sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa kulishika, na mtu huyo atakaa nyuma. Serikali haina sanduku la kutupa, vita vimekula kila kitu. Tujitegemee. Atakayeleta sanduku zuri Ijumaa asubuhi, na kuonyesha kwamba anajua kulitumia, kiti ni chake.

Nikanyoosha mkono kabla hajameza mate. Nikaona mkono mwingine juu. Ansbert! Jirani yangu wa kushoto, yule wa masikio. Ana shemeji yake Ngara ambaye mtungi wake wa rubisi, pombe ya ndizi, haukauki hata kiangazi. Mimi naenda kwa mtoto, yeye anaenda kwa mtungi. Nikasimama nikasema hivyo hivyo mbele ya wote. Ansbert akasimama, akasema yeye ana mkasi. Watu wakapiga makofi. Kwa mkasi!

Ni kweli, ndio mkasi pekee hapa kijijini. Anawanyolea watoto, ndiyo maana watoto wote wa Runazi wana kichwa kimoja. Lakini mimi nina sanduku! La bati, lina kufuli. Alinipa padri siku aliponiondoa shule darasa la tatu, nadhani kwa furaha. Ansbert hana sanduku. Mimi sina mkasi. Mke wangu Marsiana kauliza kwa nini tusiungane. Nimemwambia hajui siasa.

Jumatano, 8 Agosti

Siku ya kukusanya. Duka la kijiji lina viberiti na muuzaji, basi. Pamba hakuna. Nimepasua mto wangu wa kulalia nikatoa sufi. Kunguni nimewarudisha.

Spiriti hakuna tangu vita. Nimekwenda kwa Felisita, anayepika gongo nyuma ya migomba yake huku mgambo wakijifanya hawanusi. Gongo la Felisita ukiliwasha linawaka bluu. Kama si dawa, ni nini? Nimejaza chupa, nikaandika ubavuni DAWA. Nimelijaribu kidogo nione kama linaua vijidudu. Nikajaribu tena, maana vijidudu ni vibishi. Chupa iko nusu. Vyangu vyote vimekufa.

Dada Restituta, muuguzi wa zahanati ya Nyamahanga, kapita na baiskeli yake akichanja watoto. Nimembembeleza akanipa dawa ya zambarau ya vidonda, na vidonge vya maumivu vimekunjwa kwenye karatasi. Kauliza ni vya nani. Nimesema vya taifa.

Fito za kufungia mfupa: tayari. Kamba za mgomba: tayari. Bandeji tu. Marsiana ana shuka moja jeupe, halijalaliwa, linamngoja mgeni wa heshima ambaye hajazaliwa. Nimelitazama. Nalo likanitazama.

Alhamisi, 9 Agosti

Marsiana alipokwenda shamba la kijiji nimelikata shuka. Kwa panga. Bandeji zimetoka za kila namna, moja inamtosha ng'ombe mzima.

Ansbert kachungulia uani. Kauliza hizo ni bandeji au nepi. Nikamuuliza ule mkasi anauweka mfuko gani, ule wenye tundu au ule usio na chini? Kaondoka. Nasikia vitu vyake ameviweka kwenye kikapu. Kikapu! Mgonjwa atadhani ameletewa viazi.

Kuna shida moja: kuonyesha. Nani awe majeruhi? Nimezunguka nyumba zote za kwetu, kila mtu kakataa. Wanasema si vizuri kujilaza kigonjwa bila ugonjwa. Waoga. Basi majeruhi nitakuwa mimi.

Mpango: alfajiri najifunga, najilaza kwenye kona ya barabara karibu na ofisi ya kijiji, sanduku wazi ubavuni. Mwenyekiti na Katibu wanatokea. Wanashtuka. Nasimama, nacheka, nasema: hivi ndivyo mtu anavyojihudumia! Kiti changu. Nimeukagua mpango mbele na nyuma, hauna tundu.

Marsiana karudi akauliza shuka liko wapi. Nimesema liko kazini.

Jumamosi, 11 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nabebwa.

Nilijifunga kichwa, mkono na mguu, na fito mbili kwenye mguu. Nikajipaka zambarau. Nikakoroga udongo mwekundu na DAWA, ukawa damu kabisa, mwingine ukamwagikia bandeji za sandukuni. Nilipojitazama nilijihurumia. Nikalala barabarani. Lakini Mwenyekiti alichelewa, kama kawaida ya viongozi, na waliotangulia ni akina mama wakienda kuteka maji. Hawakuuliza swali. Walipiga induru.

Kwetu induru ikishapigwa imepigwa. Kila kundi la nyumba lina ingobyi yake, machela ya fito na kamba ya kubebea wagonjwa, na mwanamume asiyekuja kubeba anatozwa pombe. Wakaja mbio, mmoja ana uji kidevuni. Nikasimama nikasema mimi mzima! Mguu wenye fito haukukunjika, nikaanguka puu. Wakasema, mnaona? Nikasema jamani ni mchezo! Wakasema maskini mzee, anaweweseka, kichwa hicho. Mmoja akaninusa, akasema tayari nanuka hospitali.

Na mtu akishalazwa kwenye ingobyi hashuki mpaka zahanati. Kushuka njiani ni kujichimbia kaburi, na wabebaji wanaondoka na nuksi. Nilijua sheria hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kumkatalia mtu aliyetaka kushuka akojoe.

Nikiwa juu ya mabega nikasikia pikipiki inawaka. Nikageuza shingo. Mwenyekiti alikuwa anasema msiba wa mzee haujafika, mbegu haziwezi kungoja, nendeni. Ansbert alikuwa kavua kofia, machozi yanamtoka, ya kweli. Akaokota sanduku langu barabarani. Akatia mkasi wake ndani. Akapanda nyuma. Sanduku langu, mapajani mwa Ansbert! Nilipiga kelele kwa nguvu zote. Wabebaji wakasema maumivu yamezidi, wakaongeza mwendo.

Nyamahanga, Dada Restituta alinifungua bandeji moja moja, pole pole, kama anamenya kitunguu. Alipofika mwisho akanitazama. Akaenda akafunga mlango. "Babu," akasema, "nikiwaambia hao vijana walioloa jasho pale nje kwamba huna hata mchubuko, leo ndiyo utaumia." Akanifunga upya, vizuri kuliko nilivyojifunga. Halafu akanidunga sindano ya makalio. Nikauliza ni ya nini. Akasema ya taifa.

Wakanibeba kunirudisha.

Jumapili, 12 Agosti

Wabebaji wamejaa uani. Aliyebebwa hunywesha, ndiyo desturi, na mimi nimebebwa kwenda na kurudi. Mtungi wa Marsiana wa pombe ya kuuza umekwisha, wanauliza kama kuna mwingine. Jirani wa kulia kaniletea mayai. Mama mmoja kaniletea kuku. Kwa kweli kuumia si kubaya.

Marsiana hakulia. Alishika bandeji ya kichwa, akaitambua kwa pindo. Kasema hata nikifa hatanizika na shuka hilo, atalifua aliunge. Nikamuuliza, je, nikiwa nakufa kweli? Kasema, "Anza, Baba Pancras, tuone."

Walipoondoka wote nyumba ikapoa. Saa hizi Ansbert yuko Ngara. Ndiye atakayemhesabu viungo mwanangu, naye hesabu hajui. Atarudi aniambie vyote vizima, nami nitajuaje?

Kuku nimemla nusu.

Jumatano, 15 Agosti

Nilikuwa nimesimama dirishani nakula ndizi pikipiki ilipolia. Nikaruka kitandani, nikafumba macho, nikaanza kukoroma kigonjwa. Mlango ukafunguka. Sauti ikasema, "Shikamoo, baba."

Nikafumbua jicho moja. Miguu miwili. Mikono miwili. Nikanong'ona chini chini kwamba amekonda kama fimbo ya katekista. Kacheka! Masikio mazima. Jino la mbele moja halipo. Kasema si risasi, ni muwa wa Masaka. Nikasema marahaba. Nikasema tena marahaba. Marsiana alilia kwa niaba ya nyumba nzima.

Katibu ndiye aliyetueleza. Ansbert hakufika hata kwa shemeji yake. Aliposhuka kwenye pikipiki alikwenda moja kwa moja kambini, akalia mbele ya kapteni. Kapteni akasema askari hapewi ruhusa mpaka mzazi awe mahututi. Ansbert akafungua sanduku langu, akamtolea bandeji zenye ule udongo mwekundu, akaapa kwa watakatifu wote kwamba mimi naondoka. Kapteni akaandika ruhusa mpaka Jumatatu. Kiti kilikuwa kimoja. Ansbert akampa Pancras, yeye akabaki Ngara na sanduku, atafute lori.

Nimesikiliza yote nimelala. Jambo la kwanza nililofikiri: kumbe damu yangu ilikuwa nzuri kiasi cha kumdanganya kapteni!

Pancras alitaka kuona jeraha. Nilipiga yowe kabla hajagusa. Marsiana kamwambia amwache baba yake, ugonjwa wake ni wa siku nyingi.

Jumapili, 19 Agosti

Ansbert kafika mchana. Lori lilimwacha njiani, kipande cha mwisho katembea, vumbi limempaka wekundu mpaka kope. Hakupitia kwake. Kaja kwangu, kaweka sanduku chini, kanishika mkono, kauliza naendeleaje. Nikaguna. Kasema njia nzima alikuwa anasali anikute hai, maana atagombana na nani tena kijiji hiki? Nikaguna guno refu.

Alipokwenda, Marsiana kasema, "Wewe mzee huna haya. Mwambie ukweli mwenzio." Nimesema nitamwambia. Nikishapona.

Kesho asubuhi Katibu anampeleka Pancras. Siku zote hizi kapasua kuni, kaezeka upya jiko la mama yake, kaimba nyimbo za kambini huku upepo unapita pale penye pengo. Nimemuuliza lini tena. Kasema labda Krismasi, labda hapana, jeshi halisemi. Krismasi ni mbali. Si kwamba nalalamika.

Nimekaa nikajiuliza wiki hizi mbili zimenifundisha nini. Nimelipata. Mpango wangu haukuwa na kosa, ila niliumia kidogo mno. Kwa kichwa, mkono na mguu jeshi limenipa mwanangu mpaka Jumatatu. Kwa kiuno watanipa siku ngapi? Kiuno ni kitu kikubwa. Na uzuri wa kiuno, hakuna jeraha la kuonyesha mtu.

Kwa hiyo kesho, Katibu akishawasha pikipiki, nitaanguka kutoka kwenye mparachichi wa nyuma ya jiko. Tawi la chini, sina wazimu. Wabebaji wasinung'unike: ndizi za rubisi nilizifukia tangu Alhamisi, na leo nimezichungulia, zimeiva vizuri sana. Mirija ya kunywea nayo nimeshaichonga. Wa Ansbert nimeufanya mrefu kuliko yote, maana upande wa mbele wa ingobyi lazima ataushika yeye, na mtu huyo akilia anapata kiu.