Marehemu Aliyekuja Kunywa Chai

Nimeadhirika leo, jamani. Mchana kweupe, maiki mkononi. Nimefika ndani nimejitupa kitandani na viatu, nguvu za kuvua sina.

Kazi yangu mimi Bebe mnaijua: natafsiri filamu kwenye banda la video la Mama Kulwa hapa machimboni Nyarugusu. Wazungu wanaongea, Wachina wanaongea, mimi nawapa watu Kiswahili. Msichojua (na leo sina jinsi, nasema) ni kwamba lugha zenyewe sizijui. Natazama nyuso. Mtu akikunja uso, namwekea matusi. Akilia, namwekea msiba. Miaka yote hiyo haijawahi kunishinda.

Sasa kuna muongozaji mmoja wa huko ughaibuni, jina lake halitamkiki, mimi namwita Mzee wa Picha. Nampenda yule mtu! Filamu zake nilizowahi kutafsiri, watu walitoka wanafuta macho. Nikasikia katoa mpya. Leo ilikuwa siku ya mpira, lakini nilimbembeleza Mama Kulwa mpaka akachoka.

"Haya, weka," akasema. "Ila watu wakiboeka, hiyo maiki hutaishika tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na sikuitazama kwanza. (Filamu ya Mzee wa Picha haionjwi, nilisema. Kichwa kikubwa!)

Banda likajaa. Wachimbaji wametoka mashimoni, tope lingali miguuni. Benchi la mbele kakaa Mzee Shija, ambaye hajawahi kukosa filamu yangu hata moja.

Picha ikaanza. Jamani, uzuri! Mwanamke kakaa dirishani, mwanga umemwangukia shavuni, nje ziwa limetulia tuli. Nikaweka maiki mdomoni nisubiri aongee. Hakuongea. Akaangalia ziwa. Akaendelea kuangalia ziwa. Mkono ukaniingia ganzi.

"Tafsiri!" wakapiga kelele huko nyuma.

Natafsiri nini, macho? Moyoni nilishaanza kumlaumu Mzee wa Picha: mzee wangu, hadithi umeiacha wapi? Nikaona isiwe tabu. Nikasema mume wa huyu mama ni mchimbaji kama nyie, shimo limemfukia, na mwili haujapatikana.

Mzee Shija akavua kofia. Dada muuza karanga akaanza kulia. Na mimi nikanogewa! Nikamsifu marehemu, nikataja watoto aliowaacha, nikamtaja na mama yake mzazi. Jamaa mmoja akaichukua ile kofia ya Mzee Shija, akaanza kuipitisha kwa rambirambi. (Naapa.)

Ndipo kwenye picha mlango ukafunguka. Akaingia mwanaume, akambusu yule mwanamke kwenye paji la uso, akavuta kiti, akamiminiwa chai. Nyuma yake ukutani ipo picha ya harusi, na bwana harusi ni yeye yeye.

"Bebe!" Mzee Shija akanigeukia. "Huyu si ndiye marehemu?"

"Ni... ni mzimu wake," nikasema kwenye maiki.

"Mzimu unaongeza sukari?"

Na kweli alikuwa anaongeza. Taratibu. Kisha akakoroga, akakoroga, hana neno, mkewe hana neno, mvuke wa chai unapendeza ajabu, na banda zima linanisubiri mimi. Nikachoka. Nilichoka mpaka uongo ukaniishia. Nikasema, "Jamani, hata mimi sijui."

Mama Kulwa akaja mbele. "Hujui filamu, au hujui lugha?"

Nikainamisha kichwa. Wakaelewa.

"Hata ile filamu ya yule kaka aliyemwachia mdogo wake shamba?" Mzee Shija akauliza, sauti imeshuka.

"Ile nilitunga. Shikamoo."

"Marahaba," akaitika kwa mazoea, halafu akashika kichwa. "Mimi nilipatana na mdogo wangu kwa sababu ya ile! Nikampa na ng'ombe!"

Mama Kulwa akanyoosha mkono. Nikampa maiki. Wakaweka mpira, wakakuta kipindi cha pili kimeanza, na hilo nalo nikatukanwa mimi.

Mzee wa Picha, picha zako nzuri, sikatai. Ila ungempa yule mwanamke neno moja tu, hata "karibu chai," leo ningekuwa na kazi. Na nyie msicheke: ile ya shamba mlilia wote.