Taa ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Aibu tupu leo. Na kosa si langu.

Wiki iliyopita mwalimu wa jirani alipita karakana akaniomba kitu. Nilikuwa napiga bati, nyundo inalia, nikamjibu ndiyo kabisa. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaume. Kwa wanawake nasema haya, mama. Mpango mzuri, haujawahi kuniangusha. Leo kaja kuulizia kazi yake, nikamtolea taa. Taa ya bati safi, mkono wake umekunjwa kwa mapenzi, utambi umekaa sawasawa. Akaitazama. Akanitazama mimi. Kumbe alisema paa! Paa lake linavuja, kitanda chake kipo chini ya tundu, na mvua haikumhurumia. Alifoka mpaka nikamsikia vizuri sana. Akasema nikapimwe masikio. Nikamwambia mtu akitamka vizuri, mimi nasikia vizuri.

Taa haikupotea bure. Nimeipeleka chumba cha nyuma kwa mke wangu. Kile chumba kina giza hata mchana, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na waya wa umeme uliungua zamani. Umeme si kazi yangu, haulehemiki. Tumemlaza huko kwa sababu kuna utulivu. Moyo wake umechoka. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani tumtunze. Tumtunze! Kwani tulikuwa tunamtupa?

Sauti yake imekuwa ndogo mno. Midomo inacheza, naiona. Basi, naishia hapo.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kahamia kwetu. Ni mdogo wake mke wangu, mpishi mkuu wa shule ya bweni hadi alipostaafu, amezoea kuamrisha masufuria. Moyoni namwita Sajenti. Kaingia na mkoba mmoja, kavuta kiti changu mpaka kando ya kitanda, kakaa. Basi! Mchana kutwa mwanamke mzima amekaa tu, kamshika dada yake mkono. Mimi huku sikai kitako: maji, dawa, mkaa, mito. Nani anamuuguza mgonjwa hapa?

Jioni nikaingia. Mke wangu akainua macho akasema neno. Neno fupi. Mwisho wake nilisikia "aa". Nikatupa jicho chumbani: giza. Taa! Nikaiwasha papo hapo, nikaisogeza karibu na uso wake. Alinitazama kwa muda, kisha akafumba macho. Karidhika, nadhani.

Sajenti akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia haya, mama, nikatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yetu kafika jana. Mtoto wetu wa pekee, kazi yake kuita kesi mahakamani, kwa hiyo yeye namsikia bila shida hata akiwa uani. Leo kanikokota kwa daktari wa masikio. Kasema hatutoki hapo mpaka nipimwe.

Daktari ni kijana wa miwani. Akatoa sikio la plastiki, kubwa kama kiatu, akalifungua vipande vipande. Hili la nje, alisema, ni kama faneli ya kukusanya sauti. Halafu kuna njia nyembamba, na mwisho wa njia kuna ngoma. Ngozi imewambwa, sauti ikigonga inatikisika. Na nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku.

Nusura nisimame. Nyundo na fuawe! Maisha yangu yote napiga nyundo juu ya fuawe, kumbe nimebeba karakana nyingine kichwani, na hakuna aliyeniambia!

Nikaomba kuishika ile nyundo. Kazi mbovu, haina hata mpini wa maana. Nikaomba kikuku. Kikaniponyoka, kikabingirika chini ya kabati. Daktari akapiga magoti kukitafuta. Binti akatazama dari.

Alipoinuka, vumbi magotini, akaniambia nyundo yangu ni nzima. Fuawe nzima. Ubovu uko ndani zaidi, kwenye kitu kilichojiviringa kama konokono. Humo kuna majimaji, na ndani ya majimaji kuna vinyweleo vidogo vinavyocheza sauti ikipita, kisha mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Vyangu vimekufa kwa kelele za bati. Vya sauti nyembamba vilitangulia. Ndiyo maana "aa" na "oo" nazipata, lakini k, na t, na p, na s zinanipita. Vikifa havioti tena.

Kasema kuna kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio. Na kwa sasa, mtu akisema nisimwitikie tu, nimwombe arudie. Nimwombe! Mzee mzima nibembeleze maneno kama mtoto anayeomba maandazi? Nikamjibu ndiyo kabisa.

Kifaa nimekikataa. Nimeona mzee mmoja pale nje kakivaa, kama seremala aliyesahau penseli sikioni. Halafu yule daktari ni mtoto. Nyundo isiyolia vizuri inataka mafuta, kila fundi anajua hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Mafuta hayakufaa. Niliyapasha moto kidogo, nikajitia sikio la kulia, nikalala ubavu. Sasa silisikii hata lile "aa". Shati limeharibika, mto umeharibika. Sajenti kanusa, kauliza ni nani aliyejikaanga.

Lakini sikati tamaa! Daktari mwenyewe alisema sikio la nje ni faneli. Basi, faneli kubwa, sauti kubwa. Nimekata bati jipya, nimelizungusha, nimelehemu mshono, nimesugua mdomo wake mpaka ukawa laini. Pembe ya kusikilizia. Nikaiweka kwenye sikio la kushoto, nikasimama katikati ya karakana.

Kuku akichakura. Mkasi wa kinyozi, ng'ambo ya njia! Nikachukua ufagio nikafagia sakafu, na ufagio ukasema sss. Sijui ni lini mara ya mwisho nilisikia ufagio. Nikafagia tena pale pale palipokwisha kuwa safi. Machozi yalinitoka, siyaonei haya, humu hamna wa kunisoma.

Kesho nitaingia nayo kwa mke wangu. Nitasikia kila neno.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia nayo.

Sajenti aliiona akacheka mpaka akajipiga mapaja. Akauliza, shemeji, umekuja kujaza mafuta ya taa au umekuja kutuuzia maziwa? Na mke wangu akacheka! Niliona mabega yanatikisika. Siku nyingi sijayaona yakitikisika hivyo, nikaanza kucheka na mimi. Halafu kikohozi kikamkamata. Kikamshika, hakikumwachia, midomo ikageuka rangi. Binti akaja mbio. Sajenti akanionyesha mlango kwa kidole, maneno yake sikuyapata, lakini kidole nilikielewa.

Kilipotulia nikachungulia. Mke wangu akaninyooshea mkono. Akasema neno lile lile, "aa" yake ile ile. Pembe ninayo mkononi. Ningeiinua tu. Lakini Sajenti alikuwa ananitazama, na mimi nina heshima yangu. Tena kwa nini nihangaike? Neno lenyewe nalijua. Taa, mama, taa, usijali.

Hapo hapo wazo likanijia. Bati la pembe linang'aa kama kioo! Nimerudi karakana, nimeikata pembe katikati, nimeifungua, nimeifanya kisahani cha kurudisha mwanga nyuma ya utambi. Jioni chumba kimewaka mpaka kwenye kona. Nilitamani mwalimu wa jirani aje aone.

Mke wangu aligeuza uso ukutani. Mwanga mkali, bila shaka. Nitaupunguza.

Jumatatu, 10 Machi

Taa sasa ni tatu. Kila nikiingia ananiomba, kila akiomba naleta. Sajenti analalamika moshi. Yeye aliyekaa tangu Jumanne anamlalamikia mtu anayefanya kazi!

Binti kanifuata karakana. Kwa sauti yake ya mahakamani kaniambia baba, pumzika, hebu njoo utulie na mama kidogo. Nikamwambia nikitulia mimi, taa atatengeneza nani? Maana naunda kubwa sasa. Pande nne, chemni ya kioo, mfuniko wa kuzuia moshi. Sajenti atakosa la kusema.

Leo mke wangu kafanya jambo la ajabu. Kasema "aa" yake, kisha kapigapiga godoro kwa kiganja, pale pembeni yake. Nikaelewa: anataka taa iwekwe kitandani. Nikamweleza kwa upole kwamba shuka litashika moto, tutaungua wote na Sajenti. Midomo yake ilitetemeka. Sikujua anacheka au analia, nikambusu kwenye paji la uso, nikaondoka haraka.

Niandike la moyoni. Siwezi kukaa mle. Nikitulia tu naiona mifupa ya shingo yake ilivyotokeza, na mkono wake ulivyo mwepesi. Yeye ndiye aliyeniita Fundi kabla mtu yeyote hajaniita hivyo, nilipomzibia ndoo yake tukiwa vijana. Ndoo niliweza. Hili siliwezi, na mikono yangu haijui iwekwe wapi. Karakana angalau kuna kitu kinapona.

Jumatano, 12 Machi

Amefariki.

Nilikuwa nalehemu upande wa nne wa ile taa kubwa. Binti alisimama mlangoni akaita baba. Nilisikia. Yaliyofuata sikuyasikia, lakini nilimwona uso. Nilikimbia na taa mkononi, risasi ya kulehemia haijapoa, vidole vimeungua. Sajenti alikuwa kwenye kiti, mkono wa dada yake bado kaushika. Taa zote tatu zinawaka.

Niliiwasha na ya nne. Sikujua la kufanya lingine.

Jumapili, 16 Machi

Tumemzika juzi. Watu walikuwa wengi, wote wakinisemesha, wote niliwaambia haya na ndiyo kabisa.

Leo Sajenti kaniita chumba cha nyuma. Kanishika mabega, kanisukuma kitini, kiti kile kile. Kaniweka viganja mashavuni ili niuone mdomo wake, kisha kasema polepole, kasema tena, na tena, mpaka nikalipata. Kaa. Dada hakuwa anaomba taa, shemeji. Alikuwa anasema kaa. Kaa, Fundi. Kila siku. Na mimi kila nikitaka kukwambia, unaniitikia haya, mama, huyoo umeshatoka.

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia ana wivu kwa sababu yeye hakuleta hata kiberiti. Akapigapiga godoro kwa kiganja, pale pembeni, kama alivyofanya dada yake.

Nikalia. Nililia kwa sauti kubwa, maana majirani walikuja, mimi mwenyewe niliisikia kwa mbali.

Sajenti kasema nilipokuwa nikitoka, dada yake alikuwa anamwambia amwache, ndivyo alivyo, yeye hupenda kwa mikono yake. Nimeuliza kama kweli alisema hivyo. Kasema kweli. Nimemwomba arudie. Karudia. Sasa yananiuma zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Sajenti kaondoka asubuhi. Nimembebea mkoba mpaka kituoni. Kasema jambo kupitia dirishani, nikamwambia haya, mama. Nadhani alikuwa ananiaga.

Binti kaja tena na habari za kifaa. Kasema tukakichukue Jumatatu, kila kitu yeye atashughulikia. Nimekataa. Cha nini? Sauti niliyokuwa naitaka haipo. Na isitoshe, dawa nimeshaipata mwenyewe. Tatizo langu lilikuwa neno moja, na neno hilo sasa nalijua.

Na limenifaa leo hii! Adhuhuri binti alikuwa chumba cha nyuma anapanga nguo za mama yake. Taa zote nilizitoa, siwezi kuziona mle. Nikasimama mlangoni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, gauni mkononi, analigeuza huku na huku gizani. Akanigeukia akasema kitu. Kwa sauti ndogo, si ile ya mahakamani. Neno fupi, na mwisho wake "aa".

Aha! Safari hii sidanganyiki. Sikuuliza. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nikavuta kiti, nikakaa.

Akarudia. Nikamwambia haya, mwanangu, nimekaa.

Alinitazama sana. Halafu akainuka, akapita mbele yangu akipapasa ukuta, akajigonga na mguu wa kitanda, akatoka. Alirudi na taa kutoka jikoni, ile ya kwanza, ya mwalimu, ameiwasha mwenyewe. Akaiweka sakafuni katikati ya nguo.

Uso wake ulikuwa umelowa. Sijui kwa nini, maana mimi nilikuwa nimekaa vizuri kabisa.